Kabati la Mbegu Maktabani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaotaka kuanzisha mpango wa kubadilishana mbegu katika maktaba ya umma nchini Kenya: wakutubi, vikundi vya akina mama, walimu, wakulima wa mashamba madogo na wenye vibustani vya nyuma ya nyumba. Mwenye haraka asome swali la sheria, la kukausha na la lebo. Mengine mkikosea mtarekebisha mkiendelea. Hayo matatu yakiharibika, kabati zima huharibika.

Mpango wenyewe hufanyaje kazi?

Mtu anafika maktabani, anachagua bahasha ya mbegu, anaandika kwenye daftari alichochukua, anaenda kupanda. Msimu ukielekea mwisho anaacha mimea michache ikomae kabisa, anavuna mbegu, anazikausha, kisha anarudisha sehemu yake. Pesa hazihusiki. Wala hakuna sharti la kurudisha mbegu ileile: aliyechukua kunde anaweza kuleta mtama.

Mtindo huu wa kutumia maktaba ulipata umaarufu Marekani, hasa baada ya maktaba ya umma ya mji wa Richmond, California, kuanza mpango wake mwaka 2010. Huko wengi hutumia makabati ya zamani ya kadi za katalogi, yale yenye vidroo vingi vidogo, ambayo kompyuta ziliyaacha bila kazi. Kama maktaba yenu bado ina kabati kama hilo stoo, msikubali lipigwe mnada. Lakini kubadilishana mbegu hakukuanzia California. Akina mama wa hapa wamekuwa wakienda kwa jirani na kikombe kuomba mbegu za kunde kabla ya mvua tangu zamani, na bado wanaenda. Maktaba inaongeza kumbukumbu iliyoandikwa, na mlango ulio wazi hata kwa mpangaji mgeni asiyemjua jirani yeyote.

Kwa nini maktaba, si ofisi ya kilimo?

Ofisi ya kilimo huenda mwenye shida. Maktabani huingia mwanafunzi, mzee anayesoma gazeti, kijana anayetafuta chaji ya simu. Watu hao hawana kikundi cha wakulima, lakini wengi wana shamba la mzazi mashambani au magunia mawili ya udongo kwenye roshani. Isitoshe, mkutubi tayari ana ujuzi unaohitajika: kupanga vitu kwa namna ya kupatikana, kuandika nani kachukua nini, na kumvumilia mtu aliyechelewa kurudisha.

Kuna sababu nyingine ya kiutawala ambayo wengi hawaitumii. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya maktaba na pia kazi ya kilimo. Kwa hiyo barua yenu inapofika kaunti, mnaweza kuomba afisa wa kilimo wa wadi aje maktabani bila kuvuka wizara wala mpaka wa mamlaka.

Je, hatutashtakiwa?

Hofu hii ina msingi. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, baada ya kurekebishwa mwaka 2012, iliwaweka wakulima hatarini kwa kuuza na hata kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 2, faini ya shilingi milioni 1, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walipeleka malalamiko mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliyoketi Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kupeana mbegu zao za kienyeji vinakwenda kinyume cha Katiba, vikiwamo vilivyowapa wakaguzi uwezo wa kuvamia hifadhi za mbegu na kuzichukua. Tangu awali Kifungu cha 11 cha Katiba kilikuwa kinalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na matumizi yake kwa jamii za Kenya.

Msichukue hukumu hiyo kama ruhusa ya kila kitu. Wekeni kabatini mbegu za kienyeji peke yake, mgawe bure, na msifungashe chochote kwa namna inayofanana na pakiti ya dukani. Aina ambazo kampuni au taasisi ya utafiti imezisajili kama zake, ziacheni. Na kwa kuwa hukumu za Mahakama Kuu hukatiwa rufaa na sheria hurekebishwa, muulizeni wakili au ofisi iliyo karibu ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, hali ikoje mnapoanza.

Kuuliza mapema kuna faida iliyoonekana mahali pengine. Mwaka 2014, Idara ya Kilimo ya jimbo la Pennsylvania iliiambia maktaba moja ya mji wa Mechanicsburg kwamba kabati lake la mbegu linaangukia chini ya sheria ya wauza mbegu. Maktaba ikalazimika kubadilisha mpango wake. Ilichukua hadi 2016 kwa jimbo kufafanua kwamba kupeana mbegu bila biashara hakuhitaji leseni. Mkaguzi aliyealikwa siku ya uzinduzi akapewa kiti cha mbele ni tofauti sana na mkaguzi aliyesikia habari kwa watu.

Tuanze na barua, kabati au mbegu?

Anzeni na watu wenye mbegu. Makabati mengi huzinduliwa kwa keki na hotuba, yakakaa na bahasha chache za sukuma wiki zilizonunuliwa agrovet. Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuteni watu watano au sita ambao tayari huhifadhi mbegu zao wenyewe. Kwa kawaida ni wanawake wenye umri, na mbegu zao ziko jikoni, juu ya moshi, ndani ya kibuyu au chupa ya dawa. Waulizeni wanapanda nini, wanachagua vipi mmea wa mbegu, nini kimewapotea. Hapo mtajua kama mna kabati au mna wazo tu.

Wapo wazee wenye miiko yao kuhusu nani agawe mbegu na wakati gani. Ifuateni. Na akikataa kutoa, mwacheni. Mara nyingi huja mwenyewe msimu wa pili akishaona mbegu za wenzake zimeandikwa majina ya waliozileta.

Mimi ni mkutubi. Mbegu hazitaleta wadudu kwenye vitabu?

Swali hili hudharauliwa, na si haki. Fukusi wa mahindi na wadudu wanaotoboa maharagwe hawali karatasi. Lakini yupo mdudu mdogo wa kahawia, wa jamii ya vidudu vya stoo, anayekula nafaka kavu, viungo vya chai, chakula cha mbwa na pia gundi ya majalada ya vitabu. Akiingia na mbegu chafu, anaweza kuhamia rafu. Panya nao hawahitaji maelezo.

Dawa yake ni utaratibu. Mbegu zote zinazoletwa zisiingie kabatini siku hiyohiyo. Zikae kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kukaza, nje ya chumba cha vitabu, wiki mbili au tatu, mkizitazama. Ukiona unga chini ya mtungi au matundu kwenye maharagwe, rudisha au choma. Kama kuna friza, mbegu zilizokauka vizuri zikikaa humo wiki moja, wadudu na mayai yao hufa. Mtungi ukitoka kwenye friza usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo hewa itaacha umande juu ya mbegu na kazi yote ya kukausha itapotea. Mbegu zilizo mbichi hazifai kwenye friza hata kidogo, barafu huziua.

Mbegu gani zinafaa kuanzia?

Zile zinazojichavusha zenyewe, kwa sababu mtoto hufanana na mzazi hata kama jirani amepanda aina nyingine hatua chache kutoka hapo. Maharagwe, kunde, ndengu, njugu mawe, njugu karanga, nyanya na wimbi ziko kundi hili. Mtama huchanganyika kidogo, si sana. Kwa mwaka wa kwanza ningeishia hapo, niongeze mboga za kienyeji, maana ndizo watu huziulizia.

Kundi la pili huhitaji mtu anayejua anachofanya: maboga, matango, tikiti, mchicha, sukuma wiki, vitunguu, alizeti na mahindi. Chavua yao husafirishwa na nyuki au upepo, nayo haiulizi ua ni la nani.

Mbegu chotara za dukani, mfano mahindi ya H614, hazifai kuhifadhiwa. Mazao yake ya kwanza ni mazuri kwa kuwa wazazi wake ni mistari tofauti iliyokutanishwa makusudi. Ukipanda punje zake, kizazi kinachofuata hutawanyika, mwingine mrefu, mwingine mfupi, na mavuno hushuka. Si ujanja wa kampuni kuziharibu, kama inavyosemwa sokoni. Ni urithi tu wa mimea.

Na mahindi ya kienyeji? Kwetu hakuna mbegu muhimu kuliko hiyo.

Najua, na bado nasema maktaba si mahali pake pazuri, isipokuwa kama kuna kikundi kitakachoyapanda kwa pamoja. Mahindi yakichavushana ndani ya familia ndogo hudhoofika haraka. Ili aina ibaki na nguvu, punje za mbegu zinapaswa kutoka kwenye mimea isiyopungua 50, na 100 ni bora zaidi, zichanganywe. Bahasha ya punje 30 iliyopandwa kando ya jiko haiwezi kazi hiyo. Tena panahitajika umbali wa mita 200 hivi kutoka kwa mahindi mengine. Mashamba yakibanana, pandeni kwa kupishana wiki tatu au nne ili maua yasitoke pamoja, au chukueni mbegu katikati ya shamba peke yake.

Njia inayofanya kazi ni hii: maktaba inaweka daftari la nani ana mahindi gani, yenye rangi gani, yanakomaa kwa muda gani. Mwenye kuhitaji huelekezwa kwa mwenyewe akachukue kilo nzima. Wakulima wa maeneo makavu ya Ukambani wanaijua Katumani, aina iliyotolewa na kituo cha utafiti cha jina hilo karibu na Machakos miaka ya 1960. Si chotara, na ndiyo maana watu wameweza kuitunza mashambani miaka yote hii.

Ugonjwa wa mahindi unaoua mimea shamba zima, uliogunduliwa Bomet mwaka 2011, unaweza kusafiri na mbegu, ingawa kwa kiwango kidogo. Shamba lililougua lisitoe mbegu hata kama magunzi machache yanaonekana mazuri.

Nilipanda mbegu za boga kutoka kabatini, likatoka boga la ajabu. Nani alikosea?

Huenda hakuna aliyekosea isipokuwa nyuki. Boga la mwaka huu hufanana na mmea uliolizaa. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu, na huonekana mwaka unaofuata. Anayetaka kuhifadhi aina moja achavushe kwa mkono. Jioni tafuta ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake, ambalo ncha yake imeanza kuwa ya njano na litafunguka kesho. Lifunge kwa uzi. Fanya hivyo kwa maua dume mawili au matatu ya mmea mwingine wa aina ileile. Asubuhi mapema fungua, mpakaze jike chavua ya madume, kisha ulifunge tena. Funga kitambaa cha rangi kwenye kikonyo ili usije ukalipika boga hilo kwa kusahau. Liache likomae mpaka ukucha usiingie kwenye ganda, kisha likae ndani wiki tatu kabla ya kulipasua.

Boga au tango likiwa chungu, teme. Uchungu huo ni sumu halisi, na mbegu zake zisirudi kabatini.

Tunajuaje kwamba mbegu zimekauka vya kutosha?

Hapa ndipo makabati mengi hufa. Mbegu yenye unyevu hupumua, hupata joto, huota ukungu, na wadudu huipenda. Watafiti wa hifadhi wana kanuni ya makadirio: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka karibu maradufu, na kila joto la mahali inapokaa linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Sisi hatuna vyumba vya baridi, kwa hiyo ukavu ndio tegemeo letu.

Kausheni kivulini penye upepo, juu ya mkeka, ungo au gazeti. Bati linalowaka jua la mchana si pazuri. Joto likipita nyuzi 40, kiini cha mbegu huanza kuumia. Geuzeni kila mara, na usiku ziingizwe ndani.

Kipimo cha jikoni ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Funga, tikisa kwa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka chini yote, mmepita hatua ya kwanza, si ya mwisho: asilimia 15 bado ni nyingi kwa mtungi uliofungwa. Kausheni siku kadhaa zaidi. Haragwe lililo tayari ukilipiga nyundo hupasuka vipande, likibonyea, bado. Mbegu ya boga ikikunjwa ivunjike kwa mlio.

Kumalizia, tumieni mchele. Ukaange bila mafuta mpaka uwe wa kahawia, uache upoe ndani ya chombo kilichofungwa, uweke chini ya mtungi, funika kwa kitambaa, kisha mbegu juu. Mchele huo hunyonya unyevu uliobaki. Mkaa mkavu pia husaidia.

Walio Mombasa, Lamu na Kilifi wasihifadhi mbegu kwenye bahasha za karatasi peke yake. Hewa ya pwani itarudisha unyevu wote ndani ya wiki chache. Bahasha ziwe ndani ya mitungi, na mtungi ufunguliwe pale tu mtu anapochukua. Kule Marsabit au Kajiado karatasi yenyewe inaweza kutosha kwa miezi.

Nyanya zina majimaji. Zinakaushwaje?

Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili tatu mpaka utando ujitokeze juu na harufu ibadilike. Ongeza maji, koroga, mwaga vinavyoelea, suuza zilizozama, anika kwenye sahani. Si kwenye karatasi, zitagandia. Managu hufanyiwa karibu hivyohivyo: ponda matunda yaliyoiva, osha sana.

Lebo iandikwe nini?

Jina la mmea, mahali ulipokua, mwezi na mwaka wa kuvuna, na jina la aliyeleta akiridhia. Hayo ni ya lazima. Bahasha isiyo na mwaka ihesabiwe kuwa ya zamani, isiyo na jina la mmea itolewe kabisa. Kuna watu watakaoomba ihurumiwe kwa sababu mbegu ni nzuri kwa macho, kataeni.

Jina liandikwe kwa lugha zote mlizonazo. Mboga ileile ni saga kwa mmoja, chinsaga kwa Mkisii, dek kwa Mjaluo, na mgagani kwa aliyevuka kutoka Tanzania. Ukiandika moja tu, wengine watafungua droo na kuifunga. Kwa managu ongezeni rangi ya tunda, kwa sababu ya matunda ya zambarau na ya rangi ya chungwa ni mimea miwili tofauti, kwa jani na kwa ladha.

Kisha acheni mstari mmoja wa maneno ya mwenyewe. «Hustahimili kiangazi, ila ndege huipenda.» «Ipikwe na maziwa.» Mstari huo huwa na manufaa kuliko maelezo ya kitaalamu, na watu hufika maktabani kuusoma hata kama hawapandi.

Saga na mrenda tulizopewa hazioti. Zimekufa?

Pengine zimelala. Mbegu za saga zilizovunwa juzi huota vibaya. Nyingi huhitaji kupumzika miezi mitatu hadi sita. Ndiyo maana mwaka wa kuvuna pekee hautoshi, andikeni na mwezi. Mrenda una ganda gumu: zifunge kwenye kitambaa, zichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde chache, kisha kwenye maji baridi. Panda mara moja.

Bahasha moja iwe na mbegu ngapi?

Maharagwe na kunde 20 hadi 30. Boga 6. Mchicha, saga, managu: kizibo kimoja cha soda kinatosha na kubaki. Msipime kwa mizani, mtachoka.

Tutajuaje kama bado zina uhai?

Hesabu mbegu 20, zipange kwenye kitambaa kibichi, kikunje, kiweke kwenye mfuko wa plastiki mahali penye joto. Baada ya siku 7 hadi 10 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya nusu, andika kwenye lebo «panda nyingi» na utafute mtu wa kuzipanda msimu huohuo. Vitunguu hupoteza uhai haraka, mwaka mmoja au miwili. Njugu karanga na soya nazo si za kukawia. Maharagwe hufika miaka mitatu minne, nyanya na maboga zaidi.

Mtu asiporudisha mbegu tumfanye nini?

Hamna. Wengi hawatarudisha: mvua itakosa, mbuzi atapita, au mboga italiwa yote kabla haijatoa mbegu, na hilo la mwisho si hasara. Kabati huendeshwa na wachache wanaorudisha nyingi. Mkiweka faini mtawafukuza waliojaribu wakashindwa, ambao ndio wangepaswa kufundishwa. Kinachosaidia ni kumpigia simu aliyechukua wakati mmea unakaribia kukomaa, kumkumbusha aache miche mitano mizuri bila kuichuma majani. Wengi huchuma mmea bora na kuacha dhaifu ndio uzae mbegu. Ifanywe kinyume chake.

Vitu gani tukatae moja kwa moja?

Mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi, nyekundu au bluu. Ni sumu, na maktabani kuna watoto. Mbarika, kwa sababu hiyohiyo. Bangi, bila mjadala. Mbegu zilizobebwa kutoka nje ya nchi bila kibali cha KEPHIS, hata kama mjomba alizileta kwa mapenzi.

Vipando vya mihogo, marando ya viazi vitamu na machipukizi ya migomba visipitie maktabani pia. Hubeba magonjwa: mihogo michirizi kahawia na batobato, migomba mnyauko wa bakteria. Mbegu za parachichi na maembe hazivumilii kukaushwa, kwa hiyo hazina kazi kabatini.

Siku ya kubadilishana ifanywe lini?

Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, Jumamosi asubuhi. Mbegu ziletwe mapema zaidi ili zipite ule ukaguzi wa wiki mbili au tatu. Siku hiyo meza ya maswali ya wazee hujaa kuliko meza ya mbegu, basi wekeni viti vya kutosha. Shirika la Seed Savers Network lililoko Gilgil, kaunti ya Nakuru, hufundisha vikundi kuhifadhi mbegu. Inafaa kuwaandikia kabla ya siku yenyewe.

Maktaba iko mjini na wakulima wako mbali.

Huduma ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka 1996. Kilo moja ya mbegu za mchicha ni nyepesi kuliko kamusi. Kama tawi lenu lina gari au pikipiki inayozunguka shuleni, sanduku la mbegu lipande humo.

Mtafiti au kampuni ikiomba sampuli?

Msitoe papo hapo, hata barua ikiwa na muhuri mzuri. Kanuni za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, akiwa na ridhaa ya jamii na makubaliano ya kugawana manufaa. Ombi la kuweka nakala katika hifadhi ya taifa ya mbegu iliyoko Muguga ni jambo jingine, na kwa aina inayokaribia kupotea ningelipendekeza. Hata hivyo waliozileta waulizwe kwanza.

Nipo Tanzania. Haya yananifaa?

Ya kukausha na lebo, yote. Ya sheria, hapana. Huko kuna Sheria ya Mbegu ya 2003 na marekebisho yake, na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya 2012. Msimamizi wa ubora ni TOSCI, makao yake Morogoro. Ipo pia njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, inayomruhusu mkulima aliyesajiliwa kuzalisha na kuuza mbegu katika eneo lake chini ya ukaguzi mwepesi kuliko wa kawaida. Hukumu ya Machakos haiwahusu. Mfuate afisa kilimo wa kata na uongozi wa maktaba ya mkoa kabla ya kugawa bahasha ya kwanza, na upate jibu kwa maandishi.

Mbegu zilizozeeka tuzitupe?

Za mboga za majani zimwageni kwa wingi kwenye tuta moja nyuma ya maktaba. Zitakazoota zitaliwa zikiwa changa. Maharagwe ambayo hayajatiwa dawa wala kutobolewa yapikwe siku ya kubadilishana. Mitungi ioshwe, ianikwe kwenye jua kali siku nzima pamoja na vifuniko vyake, ndipo itiwe mbegu mpya.